Honi ya Damiano

Sesilia hakulia. Hilo ndilo Magomeni nzima, hii yetu ya Kilosa, ilikuwa ikilisema, na kama hamkuwapo mwaka ule basi nawaambia mimi: hakulia maiti ilipotolewa ndani, hakulia jeneza liliposhushwa, na hakulia wanawake walipomshika mikono huku na huku wakingoja aanguke wamdake. Hakuanguka. Alisimama wima kama mtu aliyepanga foleni bombani na ndoo yake. Mfiwa gani huyo, jamani?

Mumewe, Damiano, alikuwa Mngoni aliyezaliwa kambini kwa manamba huko Rudewa, na alikuwa dereva wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge. Azimio lilipotangazwa na shamba likachukuliwa na serikali, yule Mgiriki alifunga mizigo akaenda zake. Gari lake kuukuu, lile la kuwashwa kwa hendeli, lenye magurudumu membamba na paa la turubai, akamwachia dereva wake, maana hakuna aliyekuwa na haja nalo. Watu wakaliita Bikizee. Damiano akaligeuza gari la maharusi, na ukiolewa Kilosa siku zile bila kupanda Bikizee ulihesabiwa umeolewa nusu.

Lakini kilichowavuta watu si gari, ni honi. Ilikuwa honi ya shaba iliyofungwa ubavuni mwa dereva, imejikunja kama konokono, na nyuma yake mpira wa kubinya, mkubwa kama embe dodo. Ukiubinya honi inakohoa kwanza, kho, ndipo inalia, sauti nene ya kukwaruza. Damiano akivuka reli kurudi nyumbani alibinya mbili fupi na moja ndefu. Sesilia akisikia alibandika maji ya ugali, na mpaka Damiano anazima gari, anafuta usukani kwa mkono wa koti lake na kuuliza, "Mama Agnesi, ugali tayari?" maji yalikuwa yamechemka.

Kisha mpira wa honi ukapasuka kwa jua na uzee. Damiano akaifungua honi, akaiweka juu ya rafu, akasema ataitengeneza kesho. Hiyo kesho ikamkuta na kichomi, na kichomi hakikumpa nafasi.

Sasa msinielewe vibaya. Sesilia hakuwa anajikaza. Anayejikaza unamwona, midomo inamcheza. Yeye ndani yake palikuwa kimya, basi. Alikoga, akafunga kichwa, akaketi mkekani walipomwambia aketi, akanywa uji walipomwambia anywe. Watu wakimpa pole aliitikia, "Tumeshapoa," kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kumjibu muuza chumvi. Na kitu kimoja tu ndicho kilichomtisha katika ukimya ule. Alijiuliza: au mimi sikumpenda mume wangu? Maisha yale yote, nilikuwa napika tu?

Wa kwanza kulisema kwa mdomo alikuwa wifi yake Magreti, dada wa Damiano, aliyekuja kwa treni kutoka Mikumi alikoolewa. Magreti alilia kwa niaba yake na ya Sesilia. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na kila alipomtazama Sesilia pale mkekani alianza upya, kwa hasira.

"Macho makavu kama changarawe," akawaambia wanawake jikoni, na wala hakupunguza sauti. "Kaka yangu alikuwa anakaa na nani humu ndani?"

Haya, tuseme ukweli, wawili hao hawakuanza siku hiyo. Mwaka ule ule Bikizee alipoanza kazi ya maharusi, Sesilia aliianua khanga yake kambani akakuta ncha moja imekatwa. Imekatwa kwa wembe, si kuchanika. Na haikuwa khanga ya jikoni, ilikuwa ile nyekundu yenye michoro ya korosho nyeusi, ya kwanza kununuliwa na Damiano walipooana. Nani asiyejua maana ya ncha ya khanga iliyokatwa? Mtu hachukui kipande cha nguo yako akatie kwenye mto. Anakipeleka kwa fundi wake wa mambo, na wewe unabaki unakonda. Wiki ile aliyekuwa mgeni nyumbani ni Magreti peke yake. Sesilia hakusema neno. Khanga aliimwagia mafuta ya taa akaichoma nyuma ya nyumba, Damiano amesimama pale anatazama moto, na tangu siku hiyo hakuwahi kula chakula kilichopikwa na Magreti. Akienda Mikumi alisema tumbo linamsumbua. Mwaka wa kwanza tumbo, mwaka wa pili tumbo, nani asingeelewa? Magreti alielewa vizuri sana kwamba anaitwa mchawi, na alilimeza hilo kwa sababu ya kaka yake. Sasa kaka hayupo.

Siku ya maziko ilikuwa na kichekesho chake, maana Wangoni wana watani. Thadeo, Mhehe, dresa mstaafu wa hospitali, mtu mrefu mwenye mashavu ya kuanguka, aliruka kaburini kabla ya jeneza akalala chali humo.

"Mngoni haingii!" akapiga kelele. "Babu zake walitukimbia mpaka leo wanahema. Nipeni kuku wangu au tulale hapa wote."

Watu walicheka huku machozi yanawatoka, na hiyo ndiyo kazi ya mtani. Akaletewa kuku, akatoka akijipangusa udongo. Alipompita Sesilia alisimama, akamtazama usoni. Sesilia hakuwa amecheka pia.

"Shemeji," akamwambia kwa sauti ya chini, "arobaini, siku ya kuanua matanga, nakuja kama Damiano. Koti lake, kofia yake, gari lake. Lakini honi iwe inalia. Damiano bila honi ni Mngoni yeyote tu."

"Imekufa," Sesilia akasema.

"Ifufue basi. Mimi nitajua wapi, kazi yangu ilikuwa vidonda."

Wageni walipoanza kuondoka, Magreti alimkalia Sesilia mbele. Agnesi, binti wa Damiano, alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, miguu inaning'inia, maana alikuwa ameshaanza kurefuka.

"Nakuambia mbele ya wazee, nisije nikaambiwa nimeiba," Magreti akasema. "Siku ya kuanua matanga nitakuja na kuondoka na mtoto wa kaka yangu. Kwetu mtoto ni wa kwetu. Ningemwacha kwa mama anayemlilia baba yake. Kwa mawe simwachi."

Wazee wakaangalia chini. Hakuna aliyepinga, kwa sababu na wao walikuwa wameyaona yale macho makavu. Sesilia alimtazama Agnesi, akangoja kitu kimpande kifuani, hofu, hasira, chochote. Hakikupanda. Akasema, "Nimesikia, wifi." Ebo! Hata aliyekuwa upande wake alishika kichwa.

Basi akaingia kwenye honi. Watu walisema amerukwa na akili: mjane na nguo zake nyeusi, amekaa kibarazani na spana. Lakini mikono yake iliijua kazi ile. Damiano kila alipotengeneza kitu alimwita, "Mama Agnesi, shika hapa," naye alishika hapa, akashika na pale, mpaka akawa anajua kitu gani kinafuata. Kupika hakumpi shida, kufua hakumpi shida, na hii nayo haikumpa shida. Mikono ilikwenda, yeye alikuwa mbali.

Mpira ndio ulioanza kumgomea. Aliuziba kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli na solusheni, ukapasuka kando ya kiraka. Akaweka cha pili, ukapasuka kando ya cha pili. Mpira uliooza hauzibiki, unahamisha tundu tu. Thadeo alipopita kumjulia hali akamkuta ameushika mkononi anautazama.

Kesho yake alirudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Agnesi akamwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, Mngoni mdogo. Usifungue hiyo, mpe mama."

Sesilia akafungua. Ulikuwa mpira mwekundu, mpya, mnene, wa umbo lile lile, wenye shingo. Aliujua mara moja, kila aliyezalia hospitali angeujua. Ni ule wa kumsafishia mgonjwa tumbo.

"Nimeununua dukani, sijaiba, na hautumiki," Thadeo akasema, kavu kabisa. "Maisha yake yote mtani wangu alikuwa anapuliza kelele. Sasa tujue zilikuwa zinatokea wapi."

Mtu mwingine yeyote angecheka mpaka akae chini. Sesilia alisema, "Ahsante, shemeji," akaupima shingo kwa kidole. Thadeo akamwangalia kidogo, akavaa kofia yake akaondoka bila mzaha mwingine.

Shingo iliingia vizuri kwenye bomba la honi. Akaikaza kwa waya, mizunguko iliyobanana, kama Damiano alivyokuwa akifunga. Ikabaki koo. Ndani ya koo la honi kuna ulimi, kijibamba chembamba cha shaba kinachotikisika upepo ukipita, na hicho ndicho sauti yenyewe. Nyigu walikuwa wamejenga humo, na kutu ya kijani imekamata kila kitu. Aliutoa udongo kwa kibanio cha nywele. Akajaribu kuuchomoa ulimi na kikalio chake, kile kipande unachokalia, ukakataa. Asingetumia nguvu, ungevunjika. Basi akafanya kama anavyosafisha sinia: akamimina maji ya ndimu na majivu kooni, akaacha yalale humo, akamwaga, akamimina tena. Yalitoka ya kijani, kisha meusi, kisha masafi. Akaipangusa honi nje mpaka ikang'aa.

Kuibinya hakuibinya. Nyumba ya msiba haipigi honi mpaka matanga yaanuliwe, na mjane ndiye wa mwisho kuivunja miiko hiyo. Akaiweka mezani juu ya kitambaa. Kwa siku zilizobaki alikuwa akipita anaitazama, na kila akipita alijisemea maneno yale yale: ikilia, nitalia. Nikiisikia inavuka reli, nitalia, na Agnesi atabaki. Alikuwa amelishikilia hilo kwa sababu hakuwa na kingine cha kushikilia.

Siku ikafika. Alfajiri Thadeo aliichukua honi, akaifunga ubavuni mwa Bikizee, akaondoka na gari. Uwanja ukajaa watu wa Magomeni, wa Mabwerebwere, hata wa Rudewa waliokuja na jembe begani wakipitiliza kutoka shamba la ujamaa. Magreti alikuwa amefika mapema, akaingia jikoni moja kwa moja akashika mwiko, maana chakula cha kuanua matanga ya kaka yake asingemwachia mtu. Karibu na mlango aliweka kifurushi cha nguo za Agnesi, kimeshafungwa. Mtoto mwenyewe alikaa karibu na kifurushi, ameweka mkono juu yake. Misa ya asubuhi ilikuwa imeshasomwa. Ikawa inangojewa gari.

Wakalisikia. Bikizee alikuja kutoka upande wa reli akitetemeka mwili mzima, na nyuma ya usukani alikuwa Damiano. Nawaambia mimi niliyekuwapo, wanawake walipiga yowe. Koti lilikuwa lile lile, kofia imelalia sikio lile lile, na kichwa kimetangulia mbele kama Damiano alivyokuwa akikitanguliza akiona watoto barabarani. Thadeo aliufikia uwanja, akapunguza mwendo, akanyoosha mkono nje, akaushika mpira mwekundu. Sesilia alisimama.

Thadeo akabinya.

Pffff.

Akabinya tena. Pffff, kama mtu anayepoza chai.

Kicheko kilianza kwa vijana nyuma, kikaenea, hata wazee wakaficha midomo. Sesilia alibaki amesimama. Aliisikia ile pffff ikimpita, na ndani yake hapakutikisika kitu. Akajua imekwisha. Akamtafuta Agnesi kwa macho.

Magreti alitoka jikoni, mwiko mkononi, unga hadi kwenye viwiko. "Hata honi yake!" akasema. "Hata honi ya kaka yangu imefia mikononi mwako. Agnesi, inuka. Chukua kifurushi."

Mtoto akainuka.

Ndipo Sesilia akaondoka pale alipokuwa. Hakwenda kwa mtoto, alikwenda kwa gari. Kwa nini? Ukimuuliza mpaka leo hajui. Mikono ilikuwa inajua kwamba kitu kikikataa unakifungua. Akaigeuza nati ya chini, akaichomoa honi ubavuni mwa Thadeo, akalifungua koo. Safari hii ulimi na kikalio chake vilitoka vyenyewe, ndimu ilikuwa imefanya kazi yake. Nyuma yake kulikuwa na kitu cheusi kimevimba kwa maji, kimeziba njia yote ya upepo. Akakivuta kwa kibanio cha nywele. Kikatoka kirefu, kinanuka mafuta ya gari. Kilikuwa kitambaa kilichokunjwakunjwa kuzungushiwa kikalio ili kisilegee. Nje kilikuwa cheusi. Akakikunjua.

Ndani kilikuwa chekundu. Na kwenye wekundu ule kulikuwa na korosho moja nyeusi, nzima, na upande mmoja umekatwa kwa wembe, umenyooka.

Sesilia alikitazama. Akakitazama tena, kisha akainua macho kwa yule mtu aliyevaa koti la Damiano.

"Ni wewe," akasema.

Thadeo hakuwa anajua lolote kuhusu khanga. Lakini mtani akishavaa nguo za marehemu hazivui katikati ya njia. "Mimi nimefanya nini, mama Agnesi?"

"Khanga yangu! Umeikata wewe! Umeikata ukatie kwenye honi!" Sauti ilikuwa inapanda, na ilikuwa sauti ambayo Magomeni ilikuwa imeisahau. "Nikaichoma! Umesimama pale pale, mikono mfukoni, unanitazama naimwagia mafuta ya taa, na hukusema! Khanga yangu ya kwanza, Damiano! Ungefungua mdomo! Ungesema tu!"

Thadeo akaufuta usukani kwa mkono wa koti, taratibu, vile vile alivyokuwa akifanya Damiano mwenyewe. "Mke wangu," akasema, "khanga ina ncha nne. Nilikuachia tatu."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Sesilia alimpiga na kile kitambaa. Alimpiga begani, akampiga kofiani, mafuta yakaruka, naye anasema, "Mwoga wewe! Mwoga mkubwa! Umeniacha namwita dada yako mchawi! Nimemkosea mtu mzima miaka yote hiyo, nimemkatalia chakula chake, na wewe unakula umenyamaza! Na sasa umekufa! Nitamgombeza nani? Nani nitamgombeza sasa, Damiano?"

Na hapo ndipo ilipomfikia. Mkono ulibaki juu na kitambaa chake, mdomo ukabaki wazi, na sauti iliyotoka haikuwa neno. Alikaa chini pale pale vumbini, mgongo umeegemea gurudumu la Bikizee. Alilia kwa nguvu, kamasi na vumbi, akiwa amekasirika kabisa. Hakuna aliyemshika. Thadeo alivua kofia, akaiweka mapajani, na mashavu yake marefu yalikuwa yamelowa.

Magreti alikuwa bado amesimama na mwiko. Akaja polepole. Akainama, akakichukua kile kitambaa kutoka mkononi mwa Sesilia, akakigeuza huku na huku.

"Hiki?" akauliza. "Ni kwa ajili ya hiki?"

Sesilia akaitikia kwa kichwa.

"Kaka yangu," Magreti akasema, "mpumbavu." Akaketi vumbini naye, akalia, lakini safari hii si kwa kumtazama mtu kwa hasira. Walilia mpaka wazee wakaanza kukohoa na kutazama sufuria.

Ni Magreti aliyeinuka kwanza. Alikwenda mlangoni, akakichukua kile kifurushi kutoka mikononi mwa Agnesi, akakipeleka ndani, na hakutoka nacho. Alipotoka alikuwa ameshika sahani ya ugali na nyama ya mbuzi. Akaiweka chini mbele ya Sesilia. Hakusema karibu. Alisimama tu, mikono imekunjwa, na kila mtu wa ukoo pale uwanjani alijua anangoja nini.

Sesilia alijifuta mikono kwenye nguo yake nyeusi. Akamega tonge, akachovya, akala. Akatafuna muda mrefu, machozi bado yanashuka mpaka mdomoni.

"Wifi," akasema, "chumvi imezidi."

"Haijazidi," Magreti akajibu. "Wewe ndiye unayeililia sahani yangu. Kula."